Besi ya Maryamu

Manundu, Korogwe
Jumapili, 20 Februari 2005

Kwa kaka yangu Mbaruku,

Shikamoo kaka. Kabla ya yote nauliza hali yako, hali ya wifi na ya watoto wote watatu, na zaidi hali ya baba. Mgongo wake unaendeleaje? Mwambie asiende kulima mpaka mvua zishike, jua la Handeni la mwezi huu silo la mtu wa umri wake. Sisi huku tunakula na tunalala, na anayekula na kulala hana budi kushukuru. Mdoe anakusalimu. Mama mkwe wangu, Bi Shida, ameshuka kutoka Kwashemshi tangu mwezi uliopita na bado tuko naye, anakusalimu pia, na anauliza ni lini utakuja kumtazamia redio yake inayokoroma. Maryamu wako anashika ukuta na kusimama. Ana meno manne.

Kaka, barua yako ilifika wiki mbili zilizopita kwa mkono wa kondakta yule yule wa basi la Handeni. Nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa, na kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia. Uliuliza kitu kimoja tu cha kifundi: ile sauti ambayo mashine ya banda letu la video ilijipimia yenyewe tumeibakiza, au tumeiondoa tukarudi kwenye ya mkono? Ukasema una mteja hapo Handeni amepata mashine ya aina hiyo na anasitasita. Mtu mwingine angekujibu kwa mstari mmoja. Mimi jibu langu limekuwa refu, na nakuomba uketi kwanza, usilisomee dukani mbele ya watu. Ningeweza kupiga simu pale kwa mama anayekodisha, lakini pale wanapanga foleni nyuma ya mgongo wako huku wamekutegea masikio, na maneno haya bado siwezi kuyasema bila kukatika katikati.

Utakumbuka ulipotuletea ile amplifaya ya sinema baada ya mfungo. Ulitundika spika mbili mbele na mbili nyuma, ukaunganisha na lile boksi la besi ulilotuchongea kwa mbao za mninga, halafu ukajipiga paji la uso ukasema kimaiki cha kupimia umekisahau Handeni. Basi Mdoe akaseti kwa mkono kama anavyojua yeye, besi mpaka mwisho. Unamjua shemeji yako. Tangu shamba la mkonge lipate wenyewe wapya na yeye kupunguzwa kazi, hili banda la video ndilo shamba lake, na kwake banda lisilotikisa bati si banda. Vijana wa Manundu wakafurahi. Aliyenuna alikuwa Simeo peke yake, mtafsiri wetu, yule anayekaa kando ya skrini na kipaza sauti akigeuza maneno ya Wachina na Wahindi yawe Kiswahili. Kila siku alilalamika kwamba yeye anawaua watu kwa maneno, lakini besi inawazika kabla hajamaliza kuwaua.

Na aliyeipenda hiyo besi kuliko wote alikuwa mwanangu. Wewe mwenyewe ulimwona alivyotambaa moja kwa moja mpaka kwenye boksi akaliegemea, ukasema huyu amefuata kwa mjomba. Basi tukamtandikia mkeka wake pale. Saa nane mchana, onyesho la watoto likianza, mimi nakata tiketi mlangoni na yeye yuko mkekani, mgongo umegusa boksi, kiganja kimelala juu ya mbao, anacheka peke yake. Akichoka anasinzia hapo hapo. Risasi zinalia, watoto wakubwa wanapiga mayowe, yeye amelala fofofo. Watu wakamsifu. Mtoto wa banda huyo, wakasema, amezaliwa kwenye makelele, hata bomu halimwamshi. Na mimi, kaka, nilijisikia. Bombani wenzangu wakilalamika kwamba watoto wao wanashtuka hata kifuniko kikianguka, mimi nawaambia eti wangu nimemzoesha. Nilikuwa nawafundisha jinsi ya kuzoesha mtoto! Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka nataka kujificha.

Kimaiki chako kilifika Jumanne baada ya Idd kubwa. Asubuhi ile ile Mdoe akafunga banda, akasema leo mashine inajipima. Kile kidude, kaka, kidogo kama kifuniko cha soda, tulikizunguka kama watu waliokuja kumwona mwari. Mashine ikaandika Kizungu kwenye skrini na Simeo akatusomea: iwekwe pale anapokaa msikilizaji, kisha watu wote wanyamaze. Hapo ubishi ukaanza. Msikilizaji ni nani? Mdoe alisema ni benchi la katikati. Simeo akasema ni benchi la nyuma, maana wa nyuma ndio wanaomtukana kila siku kwamba hawamsikii. Bi Shida akauliza kwani mashine haiwezi kumpima kila mtu na sikio lake, kama wanavyopima miwani.

Mimi, kaka, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, ndiye niliyesema kiwekwe kwenye mkeka wa Maryamu, kwa sababu humu ndani hakuna anayesikia muziki kama yeye.

Wakacheka. Mdoe akasema sawa, mwenye banda ni yeye. Tukageuza kinu, tukakiweka kimaiki juu yake, hatua moja tu kutoka kwenye boksi. Nikakaa mkekani na mwanangu mapajani. Wakati huo alikuwa amefika Naeku, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa kila asubuhi, na kwa kuwa tulimwonyesha kidole mdomoni, akasimama mlangoni na kibuyu chake akangoja.

Hukutuambia kwamba italia vile. Kwanza ilikaa kimya mpaka tukadhani imekufa. Halafu spika ya mbele ikatoa shwaaa, kama mvua ya ghafla juu ya bati, ikakatika. Ya upande wa pili nayo, shwaaa. Kimya. Kisha ya nyuma, juu ya vichwa vyetu, ikalipuka. Simeo aliruka akagonga kichwa kwenye nguzo. Bi Shida, aliyekatazwa hata kukohoa, akaita jina la Mungu kwa sauti. Kuku aliyekuwa anaatamia chini ya benchi akachomoka, na Mdoe akawa anamfukuza kwa kunyata huku kidole kiko mdomoni, anamwonyesha kuku anyamaze. Nilibana mbavu nisicheke. Nikamtazama mwanangu nione kama ameogopa. Alikuwa anaangalia vitaa vya buluu vya mashine. Hakugeuka. Hakupepesa jicho. Mwisho boksi likanguruma, vuuum, na hapo Maryamu akajitikisa mwili mzima kwa furaha, akaninyanyulia uso akacheka. Mdoe akaninong'oneza, unaona, anachagua mwenyewe.

Nilimwona Naeku pale mlangoni. Yeye hakuwa anamtazama kuku wala mashine. Alikuwa anamtazama mtoto. Nikadhani ni mapenzi tu, maana Maryamu akimwona huwa anazifuata shanga zake.

Sasa matokeo. Kama ungekuwepo ungevimba kichwa. Sauti za watu zilitoka safi, neno kwa neno, kama wameketi nawe benchi moja. Bi Shida alisema siku zote alidhani yule Mhindi analia kwa kuumwa jino, kumbe analia kwa ajili ya mama yake. Simeo alimshika Mdoe mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru kama mtu aliyepandishwa cheo. Vijana walinung'unika siku ya kwanza, wakauliza mbona leo tunaangalia taarifa ya habari, lakini siku ya pili na wao wakanyamaza wakawa wanasikiliza. Boksi lilibaki likinguruma kidogo tu, mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Simeo alitueleza kwamba mashine ililisikia kwa karibu mno pale kinuni, ikaona linapayuka, ikalipunguza.

Siku hiyo hiyo saa nane nilimweka Maryamu mkekani. Akaegemea boksi. Akangoja. Akaweka kiganja, akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Akalipiga boksi, paa, paa, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka mlangoni, uso ukamkunjamana, akalia. Kilio kile sikuwahi kukisikia kwake, na mimi vilio vyake vyote navijua. Bi Shida alisema ni meno. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Keshokutwa akakataa hata kukaa kwenye mkeka.

Asubuhi ya siku ya tatu Naeku alimaliza kumimina maziwa na hakuondoka. Kwa Kiswahili chake cha taratibu alisema Mama Maryamu, nina neno, usinikasirikie. Akasema siku ile ya mashine watu wazima wote waliruka, na kuku aliruka, na hata yeye aliyesimama nje aliruka, mtoto peke yake hakuruka. Akasema huyu mtoto hasikii.

Kaka, nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nilimwambia achukue kibuyu chake na asikanyage tena mlangoni pangu. Nikamwambia na maneno mengine, juu ya watu wa porini na juu ya macho yao kwa watoto wa wenzao, ambayo hata baba akinisikia leo atanipiga. Alifunga kibuyu, akasema tu kwamba mdogo wake wa tumbo moja yuko hivyo, anachunga huko upande wa Handeni, na ng'ombe humfuata yeye kuliko wanavyowafuata wenye sauti. Akaenda zake.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Maryamu alikuwa amenipa mgongo anachezea kijiko. Nikachukua vifuniko viwili vya sufuria, nikasimama nyuma yake, nikavigonganisha. Akaendelea kulamba kijiko. Nikagonga tena kwa nguvu, nikagonga mpaka jirani akauliza nyuma ya ukuta kuna nini. Mwanangu analamba kijiko. Nikaviweka chini nikamwita. Maryamu. Nikamwita kama mama alivyokuwa akituita jioni, ile ya kuvuta mwisho. Maryamuuu. Kaka, tulimpa jina la marehemu mama yetu. Miezi kumi na kitu nimelitaja jina hilo asubuhi na jioni, nimelibembeleza, nimeliimba, na mwenyewe huenda hajawahi kulisikia hata mara moja. Nilikaa chini kwenye sakafu. Uji uliungua.

Mdoe aliporudi nilimweleza, akakataa katakata. Alisema mtoto anakuja akiitwa, mimi sioni? Nikamwambia anakuja kwa sababu tunamwita kwa mkono pia, jaribu bila mkono. Akajaribu, mtoto hakugeuka, akasema anaringa. Halafu akatoka nje akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote, na Maryamu akageuka! Kaka, furaha niliyoipata! Tulikumbatiana mchana kweupe mbele ya mama yake. Mdoe akamrusha mtoto juu, akasema yule mama wa maziwa atanitambua. Bi Shida ndiye aliyesema polepole kwamba mlango ule ukibamizwa nyumba nzima inatikisika na upepo unampiga mtu usoni. Akasema ubamizeni tena, lakini mtoto awe mikononi, asikanyage chini, na awe amegeukia ukuta. Mdoe hakutaka. Mimi nilimbeba, Bi Shida akaubamiza. Sitakueleza zaidi.

Hospitali tulimkuta daktari mtulivu, mtu mzima. Alipiga makofi, akagonga kengele, akapuliza filimbi, akamchungulia masikio kwa kitochi. Akauliza kama mtoto aliwahi kuugua sana. Nikamweleza ile homa aliyoipata akiwa na miezi minne, shingo ilipokakamaa na tukalala wodini siku sita, na wewe ulikuja. Alisema inawezekana ni homa hiyo, inawezekana alizaliwa hivyo, hakuna atakayejua kwa hakika, na hakuna wa kulaumiwa. Alisema hasikii sauti, ila mtikiso anaupata kwa mwili, kwa mgongo, kwa viganja. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa akapimwe vizuri, akasema pia kuna shule za watoto kama huyu, na wanasoma, na wanakuwa watu.

Njiani, tulipofika karibu na stesheni ya reli, Mdoe alisimama ghafla, akasema siku aliyozaliwa nilimwadhinia mwenyewe sikioni, la kulia adhana, la kushoto ikama. Basi nilikuwa namwadhinia nani? Mpaka leo anashikilia kwamba ni homa, kwa sababu kama ni homa, angalau adhana aliipata.

Tulipofika nyumbani akasema maneno ya daktari yasiingie ndani. Asiambiwe mtu. Nilipomwomba turudishe besi ya zamani kwa ajili ya mtoto, alinikatalia kwa ukali ambao hana kawaida nao. Alisema sauti ya mashine ndiyo sawa, watu wote wanaisifu, Simeo anasikika, kwa nini tuiharibu? Mtoto atazoea kama wengine walivyozoea. Nikaelewa, kaka. Kwake yeye kurudisha besi ni kukubali. Akiibakiza sauti ya mashine, basi mwanawe ni mtoto kama watoto wengine, ana meno tu yanamsumbua.

Na tangu hapo mashine yako ikaanza kusahau. Najua moyo wako wa kifundi utashtuka, lakini nisikilize. Jumatatu moja Mdoe aliiwasha akakuta vipimo vyote vimefutika, besi imerudi juu kama zamani. Nikamwambia umeme ulikatika asubuhi akiwa sokoni. Alichukua kimaiki, akatunyamazisha, akapima upya, tena kwenye kinu kile kile. Siku mbili baadaye vikafutika tena, nikasema umeme. Akapima tena. Mara ya tatu vilifutika nikasema labda mashine imeingia vumbi. Akapima tena, na kila ikifika ile shwaaa ya nyuma namwona anamwangalia mtoto kwa pembe ya jicho, na mtoto anaangalia vitaa.

Kaka yangu, nakiri kwako. Mashine yako haina ubovu wowote. Aliyekuwa anafuta ni mimi. Kizungu sikijui zaidi ya kile cha darasa la saba, lakini nilimwangalia Simeo vidole vyake nikakariri: rimoti, kile kitufe chenye alama ya nyumba, chini mara mbili, kulia mara moja, kati. Nilikuwa nasubiri Mdoe atoke, nabonyeza huku nachungulia mlango kama mwizi, kisha namweka mwanangu mkekani na kumfungulia muziki robo saa tu. Anaegemea, anacheka. Namwangalia mpaka nashiba. Mume wangu nimemdanganya mara tatu, mimi ambaye hata alipokuwa hana kazi sikuwahi kumficha neno.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikwenda bombani nikiamini Mdoe yuko kwa fundi baiskeli. Nikaacha ndoo zangu kwenye foleni nikarudi mbio nifute mara ya nne. Nilipokaribia nikahisi ardhi inatikisika chini ya kandambili kabla sijasikia kitu. Nikasukuma mlango. Mdoe alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mtoto, mgongo kwenye boksi, amejiziba masikio kwa pamba na juu ya pamba ameweka viganja, macho ameyafumba. Maryamu yuko kati ya miguu yake, ameegemea kifua cha baba yake, anacheka. Vipimo vilikuwa vimeshafutwa. Alikuwa amefuta mwenyewe.

Hakujua kama nimeingia. Mtoto ndiye aliyeniona, akanyoosha mikono, na yeye akafumbua macho. Alikuwa amelia, kaka. Mdoe! Hata siku ile walipowasomea majina ya waliopunguzwa pale mkongeni hakulia.

Nikapiga magoti nikamwambia yote, kitufe cha nyumba, chini mara mbili, umeme wa uongo. Aliondoa pamba, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Umeme ukikatika, saa ya kwenye deki hurudi kwenye sifuri ikawa inapepesa, na asubuhi ile saa ya deki ilikuwa inakwenda sawasawa. Alijua ni mimi, akapima upya makusudi, na mimi nikafuta, na yeye akapima. Wiki mbili, kaka, tumegombana kwa vidole bila hata mmoja kufungua mdomo. Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza. Alisema kila akipima alikuwa anangoja ile spika ya nyuma ilie, huenda safari hii atageuka.

Basi jibu la swali lako ni hili: tumeiondoa. Tumerudi kwenye ya mkono, besi juu. Mdoe amewatangazia watu kwenye banda, mwenyewe, amesimama mbele ya skrini na mtoto mkononi, akawaambia binti yangu hasikii, anaipata sinema kwa mgongo, asiyetaka besi mlango uko wazi. Nilitaka ardhi inimeze. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwani nani alilalamika, hata sisi tulikuwa tunaitaka, na wengine wakacheka na sinema ikaendelea. Simeo anasema atapayuka zaidi, mapafu anayo. Lakini mteja wako mwambie asituige sisi. Mashine inapima vizuri sana, kaka. Pale tulipokiweka kimaiki ilipima sawasawa, na sauti za watu zilikuwa nzuri kweli. Nakuomba tu ukipata nafasi uje uone kama boksi linaweza kuwa na kitufe chake peke yake, Simeo naye asikike. Anajikaza, lakini sauti imeanza kumkauka.

Naeku nilimfuata mwenyewe pale wanapouzia maziwa wenzake. Nilimwomba radhi mbele yao wote, na wao waliongea Kimasai na kucheka, nikastahimili, maana nilistahili. Alinisamehe kwa kunimiminia kikombe. Akanionyesha ishara anazotumia na mdogo wake: ng'ombe, njoo, jua limezama, maziwa. Ya maziwa unafumba ngumi na kuifumbua, kama unakamua. Nimekuwa nikimfanyia Maryamu kila nikimpa kikombe. Juzi nilipokishika aliinua mkono akafumba na kufumbua. Sijui kama alikuwa anasema maziwa au anachezea vidole vyake. Nilimpa maziwa, akayanywa yote, nikamwongeza.

Mwezi ujao tukijaliwa tutakwenda hiyo hospitali kubwa. Ukiweza kuulizia kwa watu wako wanaosafiri habari za hizo shule, uulizie, hata kama yeye bado mdogo. Nataka nijue mapema. Mdoe anasema binti yake ataandika barua kuliko mama yake, na mimi nataka iwe hivyo.

La mwisho na ndilo kubwa. Baba sijamwambia, na sitaweza. Mwambie wewe kaka, kwa utaratibu, akiwa amekula. Namjua, jambo la kwanza atakalouliza ni jina la marehemu mkewe, kwamba sasa aliyepewa haliitiki. Usimwache akae na hilo. Mwambie aje. Tumeshajaribu mimi na Mdoe: ukimpakata Maryamu kifuani, kifua kwa kifua, ukamwita kwa sauti nzito, anatulia, anaweka kiganja pale chini ya shingo yako, na ukinyamaza anakupiga kidogo uite tena. Baba ana sauti nzito kuliko sisi sote. Mwambie asiache kumwita.

Salamu zangu kwa wifi na watoto, na kwa majirani wote wanaoniulizia. Bi Shida anasema usisahau redio yake. Mungu akulinde kaka, akupe na nguvu ya kuyafikisha haya niliyokubebesha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mashavu
(Mama Maryamu)